Vifaa vya kumsaidia mwenzi mzee mkila nje: kipi kitiwe mkobani, kipi kibaki nyumbani

Kifaa cha kulia kinachosifiwa nyumbani kinaweza kushindwa dakika ya kwanza mgahawani. Nyumbani meza haina kitambaa, sahani ni zile zile, taa inaangaza na hakuna anayetazama. Nje, sahani ni pana na bapa, kitambaa kinateleza, mwanga ni hafifu, na mzee anajua kuwa meza ya jirani inamwona. Kwa hiyo hapa kila kifaa kimepimwa kwa maswali matatu: kinaingia mkobani? Kinafanya kazi kwenye meza ngeni? Na mkeo au mumeo atakubali kukitumia mbele za watu? Kinachoanguka swali la tatu hakifai hata kikishinda mawili ya kwanza, kwa sababu kitabaki mkobani huku chakula kinapoa.

Vijiko na uma

Anza na mkono, si kijiko. Mwenye baridi yabisi anaumia akifumba vidole, mwenye mtetemeko anamwaga njiani, aliyepigwa na kiharusi ana mkono mmoja tu. Kijiko kinachomwokoa mmoja kinamchosha mwingine, na ndiyo maana seti za "vijiko vya wazee" zinazouzwa kwa pamoja mara nyingi hubaki na kijiko kimoja kinachotumika.

Kwa maumivu ya vidole au mshiko dhaifu, chaguo letu la kwanza ni mrija wa sponji unaovishwa kwenye mpini. Unene wa sentimita 3 hivi unatosha: vidole havihitaji kufumba kabisa ili kijiko kikae. Faida yake kubwa nje ya nyumba ni kwamba unakivisha kijiko cha mgahawa chenyewe, kwa hiyo mzee anakula na vyombo vilivyo mezani kama kila mtu. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 12. Chagua sponji isiyonyonya maji. Inayonyonya itabeba mchuzi na harufu. Tundu liwe jembamba kidogo kuliko mpini, na ukilowesha mpini kwa maji utaingia bila kushindana. Kosa linalojirudia ni tundu kubwa mno: kijiko kinazunguka ndani ya sponji na chakula kinamwagika karibu na mdomo. Dawa yake ni kuzungushia mpini raba moja au mbili kabla ya kuuvisha.

Vijiko vizito vinasifiwa kuliko vinavyostahili. Kijiko cha kawaida cha mezani kina gramu 50 hivi. Cha kuzuia mtetemeko kina kati ya gramu 170 na 230. Baadhi ya wenye mtetemeko hutulia kwa uzito huo, wengine hawaoni tofauti, na mwenye bega dhaifu huchoka kabla sahani haijafika nusu. Usinunue kwa kujaribu vijiko vitatu vya chakula. Funga sarafu kuzunguka mpini wa kijiko cha nyumbani kwa utepe wa gundi, pima mpaka ufikie gramu 170, kisha mwache ale mlo mzima nacho. Mkono ukianza kushuka katikati ya mlo, una jibu na hujatumia hela.

Vijiko vya umeme ni jambo tofauti. Kilichojulikana zaidi ni Liftware, cha kampuni ya Lift Labs iliyonunuliwa na Google mwaka 2014. Vihisi vilivyo ndani ya mpini vinasoma mtetemeko, na mota inakipeleka kichwa cha kijiko upande wa pili ili chakula kibaki palepale. Kwa mtetemeko mkubwa vifaa vya aina hii vinasaidia kweli. Havimsaidii asiye na nguvu ya kushika. Mpini hautumbukizwi majini, na chaji ikiisha mezani mzee anabaki na kijiko kinene kisicho na msaada wowote. Kabla ya kununua cha kampuni yoyote, hakikisha vichwa vya akiba na chaja bado vinapatikana.

Kijiko kilichopinda kinamfaa mtu ambaye kifundo chake cha mkono hakigeuki. Angalia kiwe cha mkono anaoutumia, wa kulia au wa kushoto, na usikikunje mara kwa mara. Shingo ya chuma laini hukatika. Kwa anayeuma kijiko bila kukusudia, beba chenye kichwa kilichofunikwa silikoni, kwa sababu plastiki ngumu inaweza kuvunjikia mdomoni.

Kisu cha kubembea, kile chenye ubavu wa mviringo kinachokata kwa mkono mmoja, ni kizuri sana. Kibaki nyumbani. Ni ubavu mkali unaoutembeza hadharani na kuupitisha kwenye ukaguzi wa mlangoni, wakati jikoni mwa mgahawa pana watu wenye visu na muda wa kumkatia chakula kabla hakijatoka. Omba unapoagiza. Kumkatia mtu mzima nyama mezani mbele ya wageni ni jambo ambalo wazee wengi hulimeza kwa uchungu, hata wasiposema.

Sahani isiyokimbia

Mkeka mdogo wa kuzuia kuteleza ni kifaa cha pili kinachostahili nafasi yake. Sentimita 18 kwa 25 zinatosha sahani moja. Unafanya kazi ukiwa msafi na mkavu tu. Vumbi la mkobani au mafuta kidogo ya mezani huondoa mshiko wote, na watu hudhani umeharibika. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uache ukauke wenyewe, mshiko unarudi. Ubebe umeviringishwa, si umekunjwa, kwa maana mkunjo unainua sahani upande mmoja.

Adui yake ni kitambaa cha meza. Mkeka unashika kitambaa vizuri, kitambaa kinateleza juu ya mbao, na sahani inaondoka na vyote viwili. Omba meza isiyo na kitambaa, au kunja kitambaa nyuma upande wake. Ukiusahau mkeka, kitambaa cha mikono kilicholoweshwa, kikakamuliwa na kulazwa chini ya sahani kinafanya karibu kazi ileile kwenye meza tupu.

Kizuizi cha ukingo, ile pete inayobanwa kwenye sahani ili chakula kigonge ukuta na kupanda kijikoni, tunakiweka kundi la vifaa vya nyumbani. Vingi vimeundwa kwa sahani za sentimita 22 hadi 28 zenye ukingo mwembamba. Za migahawa mara nyingi ni pana zaidi, nene, au hazina ukingo wa kubania. Kinachobanwa nusunusu ni hatari kuliko kukosa kabisa, kwani hufyatuka kijiko kinapokisukuma. Badala yake omba chakula kiletwe kwenye bakuli pana lenye kina kifupi na kuta zilizosimama. Ukuta wa bakuli ulio mbali na mkono wake ndio kizuizi chenyewe, haugharimu kitu, na hakuna atakayejua. Bakuli lijazwe nusu, nusu nyingine ya chakula ibaki jikoni kwenye moto. Mlaji wa polepole anastahili chakula cha moto mpaka mwisho.

Kama macho yamepungua nguvu au kumbukumbu imeyumba, rangi ina kazi kubwa. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2004, uliofanywa na watafiti wa Boston kwa wagonjwa wa Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) iliyokomaa, ulionyesha kuwa vyombo vyekundu viliongeza chakula kilicholiwa kwa asilimia 25 na vinywaji kwa asilimia 84, vikilinganishwa na vyeupe. Walioshiriki walikuwa wachache, kwa hiyo usizikariri namba kama sheria. Chakula cheupe kwenye sahani nyeupe juu ya kitambaa cheupe ni tatizo hata bila utafiti. Nunua mkeka wa rangi iliyokolea na uombe bakuli la rangi. Kwa asiyeona vizuri, mweleze sahani kwa namba za uso wa saa: nyama iko kwenye namba 12, mboga kwenye 3, mchuzi kwenye 9. Mweleze mara moja kwa sauti ya kawaida, kisha mwache ajipakulie.

Kikombe, na koo

Hapa ndipo makosa yana gharama, kwa hiyo tunakaa zaidi.

Kwa mkono unaotetemeka tu, kumeza kukiwa sawa, huhitaji kununua kitu. Kataa glasi ya shina refu, omba kikombe kifupi kizito chenye mkono mpana unaopitisha vidole vinne, kijazwe nusu. Kikombe cha mikono miwili ni kizuri lakini wazee wengi hukiona cha mtoto. Cha mfuniko wenye mdomo tunakitilia shaka: ili kinywaji kitoke mtu hulazimika kurudisha kichwa nyuma, na maji yanaruka hadi nyuma ya ulimi kabla koo halijajiandaa. Huko ndiko kupaliwa kunakoanzia.

Kikombe kilichokatwa upande mmoja kinatatua jambo hilo hilo kwa akili rahisi. Pengo linapisha pua, kwa hiyo kikombe kinainuka na shingo haiinuki. Anayekunywa anatumia ukingo mzima, ule ulio mkabala na pengo. Wasaidizi wengi hukigeuza, wakidhani pengo ni mahali pa mdomo, na kinywaji kinaishia kifuani. Chagua kinachopitisha mwanga ili uone kiasi kilichobaki. Ni chepesi na kinaingia popote.

Kwa anayekunywa kwa pupa mpaka anapaliwa, kuna kikombe cha kipimo kiitwacho Provale, kinachotoa mililita 5 au 10 kila kinapoinamishwa. Lazima kirudishwe wima kabla ya funda linalofuata ili kijaze tena, na kimeundwa kwa vinywaji vyepesi tu. Mrija wenye vali unaozuia kinywaji kurudi chini unamfaa mwenye pumzi dhaifu. Ukiukata mfupi unavutika kirahisi zaidi. Lakini mrija huongeza kasi ya kunywa, na kwa mwenye shida ya kumeza uamuzi huo ni wa mtaalamu wa kumeza, si wa muuzaji.

Kama mtaalamu ameagiza vinywaji vizito, beba unga wa kuongezea uzito na uelewe tofauti ya aina mbili. Wa wanga unaendelea kuwa mzito kadiri unavyokaa, na kimeng'enya cha mate kinauvunja: kikombe kilichochovywa kijiko kilichotoka mdomoni kinaanza kuwa chepesi. Wa xanthan, aina ya gundi ya chakula, haubadiliki sana kwa muda, hauvunjwi na mate, na hauchafui rangi ya kinywaji. Nje ya nyumba, ambako mlo huchukua saa nzima na zaidi, chukua wa xanthan, kwenye vipakiti vya kipimo kimoja.

Kosa kubwa mezani si unga, ni maji. Pakiti inasema kiasi fulani kwa mililita 200, na glasi ya mgahawa haijulikani inabeba ngapi. Beba kikombe chenye mistari ya mililita. Pima kinywaji, koroga huku ukinyunyiza unga, endelea kukoroga kwa sekunde 30, kisha subiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Usiongeze unga kabla muda huo haujaisha; anayeongeza kwa haraka anapata uji. Vinywaji vyenye maziwa hukawia kushika. Vyenye gesi vinafura na kumwagika, hivyo koroga gesi itoke kwanza. Kataa barafu: ikiyeyuka inakiharibu kipimo chote.

Uzito wenyewe una vipimo vya kimataifa, vijulikanavyo kwa herufi IDDSI, vyenye ngazi kuanzia 0 hadi 7. Vinywaji ni 0 hadi 4, vyakula 3 hadi 7. Kupima kinywaji nyumbani unahitaji bomba la sindano la mililita 10, lisilo na sindano, ambalo kutoka alama ya sifuri hadi ya 10 lina urefu wa milimita 61.5. Ziba tundu kwa kidole, jaza hadi 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Chini ya mililita 1 ni ngazi 0. Kati ya 1 na 4 ni ngazi 1. Kati ya 4 na 8 ni ngazi 2. Zaidi ya 8 ni ngazi 3, na kisichotoka kabisa ni ngazi 4. Fanya hivyo nyumbani mara kadhaa mpaka jicho lako liijue ngazi yake inavyodondoka kijikoni; mezani bomba la sindano halihitajiki, na halipendezi.

Chakula nacho kiagizwe kwa kipimo. Neno "laini" kila mpishi analielewa kivyake. Ngazi ya 6 ni vipande laini visivyozidi sentimita 1.5 kila upande. Ngazi ya 5 ni chakula kilichosagwa chenye unyevu, punje zake zisizidi milimita 4, ambazo ni sawa na nafasi kati ya meno ya uma wa kawaida. Mwambie mhudumu hivyo hivyo, kwa namba. Kikifika, kiweke kipande chini ya uma na ukandamize kwa kidole gumba mpaka kucha ibadilike kuwa nyeupe. Kikibonyea na kisirudi umbo lake, kinafaa. Jihadhari na viwili vinavyowapita wengi: aiskrimu na jeli, ambazo mdomoni hugeuka kinywaji chepesi, na supu nyepesi yenye vipande, kwa kuwa koo linatakiwa kushughulikia maji na kigumu kwa wakati mmoja.

Kinu kidogo cha kusaga kwa mkono tunakipendekeza kwa safari ndefu tu. Kinasaga kilichopikwa kikaiva sana. Nyuzi za nyama na maganda ya mboga vinapita nzima, na hivyo ndivyo vinavyokwama.

Sauti ikiwa kama ina maji ndani, kikohozi kikijirudia au macho yakilengalenga machozi, simamisha mlo. Akiwa hawezi kukohoa, kusema wala kupumua, usitafute kifaa: piga mapigo 5 kati ya mabega, kisha minyo 5 ya tumbo juu ya kitovu, rudia, na mtu mwingine aite huduma ya dharura. Vifaa vya kunyonya koo vinavyotangazwa siku hizi havichukui nafasi ya hatua hizo.

Nguo, kiti na saa

Kinga ya nguo iliyoshonwa kama skafu inapokelewa vizuri kuliko bibu ya plastiki. Iwe na tabaka la ndani lisilopitisha maji na ifike mapajani akiwa ameketi. Mnyororo wenye vibanio viwili unaoshika kitambaa cha mgahawa shingoni ni mdogo zaidi na unatosha kwa anayemwaga kidogo. Zinazofungwa kwa sumaku ziepuke kabisa kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Sumaku inatakiwa kukaa angalau sentimita 15 mbali nacho, na shingoni hakuna umbali huo.

Kiti kinaamua mengi kuliko kijiko. Sofa za mgahawa zinazama: nyonga zinakuwa chini ya magoti, meza inafika kifuani, kidevu kinainuka, na kumeza kunaharibika. Omba kiti cha kawaida chenye mikono, nyayo zikanyage sakafu, meza iwe usawa wa kiwiko. Mto mgumu wa sentimita 5 ni kitu chepesi kubeba na unarekebisha meza iliyo juu. Kwa kiti cha magurudumu piga simu uulize vitu viwili: nafasi ya magoti chini ya meza, ambayo iwe angalau sentimita 68, na kama meza ina nguzo ya katikati yenye msingi mpana, kwa sababu msingi huo huzuia magurudumu ya mbele. Akiwa na kifaa cha usikivu kinachochukua sauti za mbele, mketishe mgongo wake uelekee kwenye kelele, wewe ukae mbele yake. Ukimlisha, keti, anayelishwa na mtu aliyesimama hulazimika kutazama juu.

Kwa anayetumia dawa ya levodopa kwa ajili ya ugonjwa wa Parkinson, chukua meza kwa saa ya dawa. Kwa kawaida humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya chakula, na protini nyingi hupunguza inavyofyonzwa. Fika wakati dawa imeshika. Hakuna kijiko kitakachofidia saa iliyokosewa. Baada ya kula, abaki ameketi wima kwa dakika 30 kabla ya kujilaza kwenye kiti cha gari.

Na mhudumu akikuuliza wewe, "Yeye atakula nini?", mgeukie mwenzi wako na unyamaze mpaka ajibu mwenyewe.

Mkoba wenyewe uwe na vyumba viwili, kimoja kisichopitisha maji kwa vilivyotumika. Mkirudi, ondoa sponji kwenye mpini, uisuuze ndani kwa maji yanayotiririka na uisimamishe ikauke usiku kucha, maana sponji iliyofungiwa ikiwa na unyevu huota ukungu ndani ya tundu, mahali ambapo jicho halifiki.